Elimu ya umma kuhusu teknolojia Malindi: pesa zitoke wapi?

Kikundi cha Malindi kinachotaka kuwaeleza watu jinsi mikopo ya simu inavyohesabiwa, picha za macho na alama za vidole zinakopelekwa, au jinsi ya kuitilia shaka video ya mgombea iliyotengenezwa kwa akili unde, hakihitaji pesa nyingi. Kinahitaji pesa ambazo mwenyewe hatapiga simu siku kikisema jambo asilolipenda.

Jambo hili si geni katika kaunti ya Kilifi, ulipo mji wa Malindi. Sheria ya Kawi ya 2019 iliupa NuPEA, wakala wa serikali unaoendeleza mpango wa nyuklia, kazi ya kuelimisha umma kuhusu nyuklia hiyo hiyo. Wakazi wa Uyombo walipoandamana mwaka 2024 kupinga kujengewa mtambo kwao, aliyekuwa na bajeti ya kueleza ni yule yule aliyekuwa na mradi. Huenda maelezo yake ni sahihi, lakini msikilizaji hana pa kuyapimia. Ndivyo ilivyo pia kwa mkopeshaji anayefundisha "matumizi bora ya mkopo".

Njia tunazolinganisha ni michango ya wanachama, ruzuku za mashirika ya ufadhili, kazi za kulipwa, pesa za serikali, kampuni, na wakfu.

Hesabu kabla ya kuomba

Chukua mfano wa baraza moja kwa mwezi, miezi kumi kwa mwaka, Ramadhani na mwezi mmoja wa masika mkipumzika, watu 40 kila mara. Chumba cha shule au madrasa pamoja na viti, shilingi 2,000. Chai na mahamri, 50 kwa kila mtu, 2,000. Nauli ya wawezeshaji wawili kutoka mjini hadi Mambrui au Ngomeni na kurudi, 1,500. Karatasi ya kurasa mbili kwa kila mshiriki, shilingi 10 kwa ukurasa, 800. Posho ya wawezeshaji, 3,000. Baraza moja ni 9,300, mwaka mzima 93,000. Ongeza 12,000 za usajili, benki na mawasiliano, halafu asilimia 10 ya dharura, na jumla inafika 115,500. Bei hizi ni za mfano. Badilisha kwa za mtaa wako, lakini usiondoe fungu lolote. Fungu la dharura ndilo watu hulifuta kwanza na kulijutia kwanza.

Posho ya washiriki haimo, na isiwemo. Mkiwapa watu 40 shilingi 500 kila mmoja, baraza la 9,300 linakuwa la 29,300, na mwaka unaofuata, mfadhili akiondoka, viti vinabaki vitupu. Maeneo mengi ya pwani yamekwisha kuzoeshwa hivyo na miradi iliyopita, kwa hivyo kikundi kipya kitaulizwa "nauli iko?" siku ya kwanza. Jibu lisilotatiza ni kulipeleka baraza walipo watu: penye mnada wa samaki baada ya kuuza, uani kwa madrasa baada ya alasiri, kwenye kikao cha chama cha akina mama ambacho kingekaa hata bila nyinyi.

| Chanzo | Muda hadi pesa kufika | Wanachotaka kuona | Anayeweza kuwanyamazisha |
|---|---|---|---|
| Michango | Wiki chache | Daftari safi, watu wanaoaminika | Mwanachama mkubwa, kama yupo |
| Ruzuku | Miezi mingi | Cheti, akaunti, sera, hesabu zilizokaguliwa | Mfadhili, kupitia mkataba |
| Kazi za kulipwa | Mwezi au miwili | Ankara, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) | Mteja, kwa siku ile tu |
| Kaunti | Haijulikani | Usajili wa mzabuni, hati ya ununuzi | Ofisi, kwa kuchelewesha malipo |
| Kampuni | Hutegemea msimu wao | Picha na nembo | Kampuni, bila kusema neno |
| Wakfu | Mwaka na zaidi | Hati ya wakfu, msimamizi | Sharti la mwenye kutoa |

Michango: midogo, ya haraka, na yenye misimu

Watu 60 wakiahidi shilingi 200 kwa mwezi, karatasini ni 144,000 kwa mwaka. Usipange kwa hiyo. Panga kwa asilimia 60 yake, yaani 86,400, na ikizidi ni heri.

Mapato ya Malindi hayaji sawasawa mwaka mzima. Kuanzia Aprili upepo wa kusi unapokaza na masika kushuka, mashua ndogo hukaa nchi kavu na hoteli nyingi hupunguza wafanyakazi. Kikundi kinachodai 200 kila tarehe tano kitaona nusu ya wanachama wakikimbia kundi la WhatsApp kufikia Juni, si kwa kukosa nia bali kwa aibu ya kudaiwa. Afadhali mchango wa mwaka, 2,400, ukatwe mara mbili: 1,200 Januari, kaskazi ikivuma na wageni wakiwapo, na 1,200 Agosti. Wenye mshahara wa kila mwezi waweke malipo ya kujirudia kwa M-Pesa Ratiba ili mweka hazina asiwe mdai. Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia msimu wa kaskazi, sadaka huwa nyingi. Omba sadaka, lakini zaka ina makundi yake manane, na kuielekeza kwenye kazi hii bila kumwuliza shekhe ni kutafuta ugomvi msikitini.

Mahali ambapo michango huharibika zaidi ni kwenye laini ya simu ya mweka hazina. Akiwa na deni la Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, pesa yoyote inayoingia kwenye laini yake hukatwa kulipa deni hilo kwanza, mchango wa kikundi ukiwemo, na wala hahitaji kuwa mwizi ili pesa zipotee. (Kikundi kinachofundisha watu kuhusu mikopo ya simu kupoteza mfuko wake kwa namna hii ni kichekesho kisichochekesha.) Dawa ni akaunti kwa jina la kikundi na namba yake ya kulipia, Paybill au Till, yenye watia saini watatu na wawili wakihitajika kutoa.

Ili kuipata lazima muwe na cheti. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi cha kawaida kinahitaji watu wasiopungua 10. Pelekeni kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo katiba yenu, kumbukumbu za kikao cha kuanzisha, orodha ya wanachama na nakala za vitambulisho. Kinachorudisha maombi mengi ni katiba iliyonakiliwa kwa kikundi kingine na jina la zamani kuachwa ukurasa wa tatu. Na mkitaka kuchangisha kwa umma, nje ya wanachama, Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, inataka kibali. Ulizeni kwa naibu kamishna wa kaunti kabla ya kuzungusha kadi.

Uzuri wa mfuko wenu ni wepesi wake. Serikali iliposimamisha shughuli za Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, Agosti 2023, watu wakiwa wamekwisha kupigwa picha za macho kwa malipo ya takriban shilingi 7,000, maswali yalikuwa ya wiki ile. Kikundi chenye 9,300 mkononi kingeweza kuitisha baraza Ijumaa. Chenye ruzuku ya mada nyingine kingeandika barua ya kuomba kubadilisha bajeti. Mahakama Kuu iliamuru data hiyo ifutwe Mei 2025. Barua nyingine, baraza jingine.

Ruzuku: pesa nyingi, na mada ya mwingine

Wapo wafadhili wa kweli wa kazi hii. Africa Digital Rights Fund, unaosimamiwa na CIPESA, shirika la sera za teknolojia lililoko Kampala, ulianza 2019 ukitoa kati ya dola 1,000 na 10,000, kiasi ambacho kikundi kidogo kinaweza kukimeza bila kuvimbiwa. Ford Foundation ina ofisi Nairobi, na Kenya Community Development Foundation, iliyoanzishwa 1997, ina uzoefu wa kusaidia jamii kujenga mfuko wao wenyewe. Mozilla na Luminate nao wamewahi kufadhili kazi za uwanja huu.

Tusijidanganye kwamba ruzuku ni pesa isiyo na kabila. Mapato ya Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, kwa sehemu kubwa hutoka kwa Google, inayolipa ili iwe injini ya kutafutia humo. Luminate ilianzishwa na Pierre Omidyar, mwanzilishi wa eBay. Hilo halizifanyi haramu. Ila mkisimama barazani kueleza jinsi kampuni kubwa zinavyopata pesa, semeni pia za kwenu zimetoka wapi, kabla hajauliza yule mzee wa nyuma ambaye siku zote huuliza.

Tatizo kubwa zaidi ni mada. Mwito wa mwaka huu ukiwa ni akili unde na uchaguzi, maombi yote ya nchi yanageuka kuwa ya akili unde na uchaguzi, hata kama katika mitaa ya Maweni na Kisumu Ndogo watu wanataka kujua kwa nini mkopo wa 500 umekuwa 700. Kuna njia ya katikati: andika ombi kwa mada yao, na katika kila baraza weka nusu saa ya maswali huria, ukiitaja waziwazi kwenye bajeti. Wafadhili wengi hukubali. Kuficha ndiko hakukubaliki.

Vitu vinavyoangamiza kikundi kidogo baada ya kushinda ruzuku ni vya kihesabu. Kwanza sarafu. Mapema 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu 130. Ruzuku ya dola 10,000 iliyoandikiwa bajeti ya milioni 1.6 ikawa milioni 1.3. Andika bajeti kwa kiwango kilicho chini ya cha leo kwa asilimia 10, na utaje humo kiwango ulichotumia. Pili, mafungu ya malipo. Mkataba ukisema asilimia 40, 40 na 20, ile 20 ya mwisho mara nyingi hulipwa baada ya ripoti, maana yake nyinyi ndio mtakaokopesha mradi hadi wairudishe. Tatu, watu wa kuajiriwa: mshahara wowote huja na SHIF (bima ya afya) ya asilimia 2.75, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 kwa mwajiriwa na 1.5 nyingine kwa mwajiri, NSSF (akiba ya uzeeni) na, ukifikia kiwango chake, PAYE (kodi ya mshahara). Bajeti iliyoandika "mratibu 30,000" tu tayari ina pengo. Nne, uwezekano wa pesa kukatika katikati. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, miradi mingi ilisimama ghafla katikati ya kazi.

Kama hamna hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili, shirika kubwa linaweza kuwapokelea pesa na kukata asilimia fulani ya usimamizi. Ni njia nzuri kwa mwaka wa kwanza. Mkubaliane kwa maandishi asilimia ngapi, pesa zitawafikia siku ngapi baada ya kuingia kwao, na nani anamiliki karatasi na rekodi mtakazotengeneza.

Jingine ambalo kikundi cha aina hii hakiwezi kulipuuza ni orodha ya mahudhurio. Wafadhili hutaka jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho na sahihi. Karatasi hiyo inazunguka chumbani, kila mtu akisoma namba ya jirani yake, halafu mnaanza kufundisha faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mkusanye kinachohitajika tu. Omba mfadhili akubali idadi, jinsia na eneo, pamoja na sahihi, na namba za simu zichukuliwe pembeni kwa anayetaka kufuatiliwa. Wengine hukubali papo hapo kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza.

Kazi za kulipwa

Hii ndiyo njia inayopuuzwa Malindi, mji wenye hoteli, sacco, shule za kibinafsi na mashirika yanayohitaji wafanyakazi wao wajue kutambua ujumbe wa ulaghai, kulinda data za wageni na kutotuma nakala za pasipoti kwa WhatsApp. Hoteli inashika data nyingi kuliko inavyojua: sekta ya ukarimu ni miongoni mwa zile ambazo lazima zijisajili kwa Kamishna wa Data hata zikiwa ndogo. Mafunzo ya nusu siku kwa 15,000 ni bei inayozungumzika.

Ankara itolewe kupitia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa sababu tangu 2024 mteja asiye na ankara hiyo hawezi kuhesabu gharama yake kwenye kodi, na atawakimbia. Malipo ya mafunzo yakifika 24,000 kwa mwezi, mteja hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA. Chini ya hapo hakati. Rudi kwenye hesabu yetu: michango 86,400, mahitaji 115,500, pengo 29,100. Kazi mbili za 15,000 zinaliziba na kubakisha 900.

Hatari yake ni kulewa. Kazi ya kulipwa ikizidi theluthi ya muda wa wawezeshaji, baraza la Ngomeni ndilo huahirishwa, kwa kuwa Ngomeni hailipi.

Kaunti na serikali

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kaunti itoe elimu ya uraia, kwa hivyo kuomba si kuomba hisani. Wakati wa kuomba ni kabla bajeti haijafungwa: mpango wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1, makadirio kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Anayekwenda ofisini Mei amechelewa mwaka mzima. Hata hivyo sisi hatungeiweka kaunti kuwa tegemeo. Kazi hufanywa, ankara hupelekwa, na jina lenu huingia kwenye orodha ya madeni ambayo hayajalipwa, na wakati huo huo mnaogopa kuzungumzia kamera au mfumo mpya wa malipo wa kaunti hiyo hiyo. Omba vitu badala ya pesa: ukumbi, maktaba, nafasi kwenye vikao vya ushirikishaji wa umma.

NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, ni ya kuangaliwa kwa makini. Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria yake inakiuka katiba, na kwamba mfuko ukome kufikia Juni 30, 2026. Kabla ya kuandika hata mstari mmoja, uliza ofisini hali ya mfuko ikoje siku hiyo.

Kampuni

Chukua meza, kompyuta, hema. Usichukue pesa za kuendesha mafunzo kutoka kwa kampuni ambayo bidhaa yake mnaieleza. Andika mada tano mtakazofundisha mwaka huu, na mbele ya kila moja taasisi ambayo ingependa msiiseme. Anayetokea upande wa pili wa karatasi hafadhili upande wa kwanza. Hakuna kampuni itakayowaandikia barua ya kuwakataza. Mtajikataza wenyewe, mkipunguza makali ya sentensi moja baada ya nyingine, na hilo ndilo gumu kulithibitisha na gumu kulirudisha. Kampuni za kubeti hatuzijadili.

Wakfu

Pwani inaijua njia hii kuliko wafadhili wote waliotajwa juu. Duka au nyumba inawekwa wakfu, mali haiuzwi wala hairithiwi, na kodi yake inalipia kazi aliyoitaja mwenye kutoa. Sheria ya Wakfu ya 2022 imeweka utaratibu mpya wa usajili na usimamizi, na Tume ya Wakfu iko Mombasa. Duka moja la kodi ya 10,000 kwa mwezi, ukitoa matengenezo na mwezi mmoja wa kukaa bila mpangaji, linalipia karibu baraza zote kumi. Hakuna anayehitaji ripoti ya kurasa arobaini, na dola ikipanda au kushuka duka liko pale pale.

Ugumu uko kwenye hati. Ikiandikwa "kwa ajili ya kufundisha kompyuta", baada ya miaka kumi msimamizi atanunua kompyuta na hakuna baraza. Ikiandikwa "elimu yenye manufaa kwa umma kuhusu vyombo vya mawasiliano na athari zake", inabeba na yale ambayo hayajavumbuliwa. Warithi wasainishwe kama mashahidi mwenye kutoa akiwa hai na afya, kwa kuwa kesi nyingi za wakfu huanza baada ya matanga. Vikundi visivyo vya Kiislamu vinaweza kufikia jambo linalokaribiana na hili kwa kusajili amana chini ya Sura ya 164, kwa msaada wa wakili.

Tungechagua vipi

Kikundi kipya kisicho na cheti: michango peke yake, miezi sita, baraza nne. Kama watu 60 hawapatikani wa kutoa 1,200 Januari, ruzuku haitaliponya hilo, itaficha tu. Kikundi chenye cheti na daftari la mwaka mmoja: michango pamoja na kazi mbili au tatu za kulipwa. Shirika lenye miaka miwili ya hesabu: ongeza ruzuku, lakini kwa kitu chenye mwanzo na mwisho, mfano vipindi kumi na viwili vya redio au kitini cha kurasa 24, na gharama za baraza zibaki kwenye mfuko wenu ili ruzuku ikiisha baraza lisiishe. Chanzo kimoja kisizidi theluthi ya mapato, ila michango. Mazungumzo ya wakfu yaanze mapema na yasiharakishwe.

Kabla ya kutia saini mkataba wowote, tafuta maneno yanayompa mfadhili haki ya kuidhinisha maudhui kabla ya kutolewa, na uombe yafutwe. Mpe badala yake haki ya kutajwa au kutotajwa. Akikataa, jibuni kabla ya fungu la kwanza kuingia, kwa kuwa likishaingia na nauli ya Mambrui ikalipwa, kujitoa kunaweza kuwa na maana ya kurudisha hata zile mlizokwisha kutumia.